Marehemu Ameacha Watoto Wangapi

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba Ibrahimu alipokata roho alikwenda kukusanyika na watu wake. Ukiwatafuta hao watu wake kaburini, huwaoni. Pango la Makpela, huko Hebroni, alilinunua mwenyewe kwa Efroni Mhiti, kwa shekeli 400 za fedha, alipofiwa na mkewe, na mpaka anaingizwa humo hapakuwa na mwingine ndani isipokuwa huyo Sara. Baba yake, Tera, alifia Harani, mbali sana upande wa kaskazini. Mzee alizikwa ugenini, katika shamba la kununua, na wanawe wawili waliotenganishwa na maisha, Isaka na Ishmaeli, wakakutana kumzika. Hata hivyo mwandishi anasema amekwenda kwa watu wake, na anamaanisha.

Yakobo, mjukuu wake, hakutosheka na usemi. Alitaka kupelekwa kweli. Akiwa kitandani huko Misri aliwaagiza wanawe wamrudishe kwenye pango lile, akawatajia waliolala humo mmoja mmoja: Ibrahimu na Sara, Isaka na Rebeka, na Lea, ambaye alimzika yeye mwenyewe. Wamisri wakautia mwili dawa kwa siku 40, wakamlilia siku 70, kisha msafara ukaondoka na magari na wapanda farasi. Raheli, mke aliyempenda kuliko wote, hayumo katika orodha hiyo. Alizikwa njiani, karibu na Efrata, alikofia akijifungua mtoto aliyempa jina la mwana wa huzuni yake. Baba akalibadilisha, akamwita Benyamini.

Babu aliridhika na neno, mjukuu akataka mwili usafiri. Ni jambo hilo hilo tulilobishania usiku kucha tulipofiwa na baba mdogo, hapa Mlimba, masika yaliyopita.

Mlimba ipo mwishoni mwa bonde la Kilombero, mahali ambapo reli ya TAZARA, baada ya kukatiza tambarare ya mpunga kutoka Ifakara kupitia Mbingu na Chita, inaanza kupanda milima kwenda Makambako. Kipande hicho cha kupanda ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko vyote: mahandaki, madaraja marefu juu ya makorongo, udongo unaoporomoka mvua ikizidi. Kazi ilianza mwaka 1970, na njia nzima, kilomita zipatazo 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilikamilika mwaka 1975. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika kazi hiyo, na Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kuna makaburi yao, mbali na baba zao kuliko Ibrahimu alivyokuwa mbali na Tera. Vijana wa Kitanzania nao walimiminika bondeni kutoka kila upande. Baba yangu na mdogo wake walishuka kutoka Njombe. Kazi ilipokwisha hawakupanda tena. Walipata mashamba, wakaoa. Baba akalima mpunga, baba mdogo akabaki kwenye genge la kutunza njia ya reli.

Baba alikufa nikiwa darasa la pili. Alikuwa wa kwanza wa ukoo wetu kuzikwa bondeni. Kwa hiyo alipofariki baba mdogo, wazee wa Njombe walikuja na neno moja: mwili upande. Babu na bibi wamelala juu huko, kwenye baridi, na mtu hulala na wazee wake. Upande wa pili kulikuwa na kauli ya marehemu mwenyewe, aliyoitoa mbele ya mkewe, kwamba awekwe karibu na kaka yake. Kulikuwa pia na mvua, na barabara imekatika. Lakini kilichoamua haikuwa mvua. Shangazi, dada yao mkubwa, ndiye aliyenyamazisha kikao. Alisema kaka yao alipolazwa bondeni, palepale alikuwa baba wa wote watakaomfuata. Mdogo akilala miguuni pake atakuwa amelala kwa baba yake. Hakuwa anapamba maneno. Alikuwa anataja cheo, na wazee wenzake walikielewa. Wakaomba maji ya kunywa, na mazungumzo yakahamia kwenye vipimo vya kaburi.

Waliojitokeza kuchimba ni wenzake wa genge waliobaki hai, pamoja na vijana wao: Mnyakyusa, Mpogoro, Mhehe, Muha. Wazee hao wamekuwa wakiitana ndugu tangu enzi za TANU. Mwaka 1962 Nyerere aliandika juu ya ujamaa akitaka duara la familia lipanuke, livuke ukoo, livuke kabila, livuke hata mipaka ya nchi. Neno ndugu likaingia ofisini na kwenye mikutano ya hadhara, likatangulia kila jina, na kwa watu wengi likachakaa. Kwenye genge halikuchakaa. Kule ndugu ni mtu anayeshika upande wa pili wa chuma mnapokinyanyua. Akiachia kabla yako, kinakuvunja mguu.

Asubuhi ya mazishi nilikabidhiwa karatasi na kalamu. Kwetu, anayefanya kazi mjini ndiye huandika wasifu wa marehemu, na kila mtu anajua wasifu unavyokwenda: alizaliwa wapi, alisoma hadi darasa gani, alifanya kazi gani, alifunga ndoa lini, alianza kuugua lini, na mwisho kabisa ameacha mjane, watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Niliandika vizuri hadi hapo penye watoto. Mama mdogo alizaa watatu. Mimi ni mtoto wa kaka yake marehemu, niliyeingia nyumbani mwao nikiwa na begi la shule na shati moja la ziada. Idadi ipi inasomwa mbele ya jeneza?

Enzi zetu fomu ya matokeo ya shule ilikuwa na mstari chini kabisa wa sahihi ya mzazi/mlezi, na maelekezo ya kukata lisilohusika. Baba mdogo alizoea nyundo na spana, akaandika kama anavyofanya kazi, akiibonyeza kalamu mpaka alama inatokea kwenye karatasi ya chini. Kila muhula alikuwa akiiomba rula yangu ya mbao, anailaza sawasawa, anakata neno mlezi kwa mistari miwili. Halafu ndiyo anatia sahihi. Hakuwahi kunieleza kwa nini, nami sikuwahi kuuliza, ningeulizaje? Fomu zile ninazo kwenye bahasha ya kaki, na mistari yote imenyooka.

Ofisini nilipoomba ruhusa ya kwenda msibani, niliulizwa marehemu ni nani kwangu. Nikasema baba mdogo. Nikaonyeshwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayompa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo anapofiwa na mtoto, mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Baba mdogo hayumo. Aliyenisomea alisoma kilichoandikwa, na ninakubali kwamba sheria lazima iweke mpaka mahali, la sivyo nchi hii nzima ingekuwa likizoni, maana kila siku kila mtu amefiwa na ndugu. Lakini njia nzima ya kuja bondeni nilijiuliza: kama ningesema baba, nikanyamaza, ningekuwa nimesema uongo?

Jibu la kwanza nililipata mkekani, kwa jirani mmoja mwalimu wa madrasa, ambaye hakujua kwamba nilikuwa na swali. Alikuwa anawatuliza wafiwa kwa habari ya Nabii Yaakub akiwa mahututi, iliyomo katika Surat al-Baqara, aya ya 133. Yaakub aliwauliza wanawe watamwabudu nani baada yake, nao wakajibu kwamba ni Mungu wake na Mungu wa baba zake, wakawataja baba hao: Ibrahim, Ismail na Is-haq. Sasa Ismail hakuwa baba wa Yaakub wala babu yake. Alikuwa kaka wa Is-haq, kwa maana hiyo baba mkubwa. Wafasiri wa zamani waliliona jambo hilo, wakaeleza kwamba Waarabu humwita ami baba. Sisi tuliokaa pale hatukuhitaji kuelezwa. Huku kwetu kaka wa baba ni baba, awe mkubwa au mdogo, na ukimtafutia jina jingine umemtukana. Nilikula chakula changu cha kwanza cha msiba ule usiku huo.

Na Biblia imejaa mambo ya namna hiyo. Ibrahimu anamwita Lutu, mtoto wa marehemu kaka yake, ndugu. Labani anamwita Yakobo ndugu, naye ni mtoto wa dada yake. Wakristo wa Mlimba, Wakatoliki na Walutheri, wamebishana miaka nenda miaka rudi juu ya wale ndugu wanne wa Yesu wanaotajwa na Marko, Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, kama walikuwa wa tumbo la Mariamu au la. Ubishi wenyewe ni wa tangu karibu mwaka 383, Mtakatifu Yeronimo alipomwandikia Helvidius majibu makali, na sidhani utaishia Mlimba. Kinachonigusa mimi katika habari ya familia ile ni kwamba Yesu, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, akampa mama mwana na mwana mama, na Injili ya Yohane inasema mwanafunzi alimchukua nyumbani kwake tangu saa ile. Nyumbani kwake: kitanda, chungu, maji ya kuoga. Neno mama lilipewa mahali pa kulala siku hiyo hiyo.

Yule mwalimu hakunipa upande mmoja tu, na namheshimu kwa hilo. Aliendelea hadi Surat al-Ahzab. Zaid bin Haritha alitekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akafika kwa Khadija na kwa Mtume. Baba yake mzazi alimtafuta mpaka akampata, akaja na fidia mkononi. Zaid akachagua kubaki. Watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Kisha zikashuka aya: watoto wa kupanga si wana wenu wa kuzaa, waiteni kwa baba zao. Jina likarudi kuwa Zaid bin Haritha. Hiyo ni aya ya 4 na ya 5. Aya inayofuata, ya 6, inasema wake za Mtume ni mama wa waumini, na ndani ya aya hiyo hiyo inaongeza kwamba ndugu wa damu ndio wenye haki zaidi wao kwa wao. Nilimwomba anirudie, nikidhani sikusikia vizuri. Mlango mmoja unafungwa, mwingine unafunguliwa, na katikati hakuna hata aya moja ya kupumzika. Penye nasaba na mirathi, damu haichezewi. Penye heshima na hifadhi, mtu anaweza kupewa mama elfu kwa elfu. Nikafikiria ekari za mpunga za baba mdogo, ambazo ni za watoto wake watatu, na ambazo sina nia nazo. Nikafikiria pia rula.

Lakini habari iliyonishika kuliko zote imo katika Samweli wa Pili. Sura ya 6 inasema Mikali, binti Sauli, mke wa Daudi, hakupata mtoto hata siku ya kufa kwake. Sura ya 21, katika nakala nyingi za Kiebrania, inawataja wana watano wa Mikali, aliomzalia Adrieli. Huyo Adrieli alikuwa mume wa Merabu, dada yake Mikali. Wapo wanaosema mkono wa mnakili uliteleza, na tafsiri kadhaa zimeandika Merabu, na huenda ndivyo. Walimu wa Kiyahudi wa kale, katika Talmud, kwenye sehemu iitwayo Sanhedrin, walikuwa na maelezo mengine: Merabu alizaa, Mikali akalea, ndiyo maana watoto wakaitwa wa Mikali, kwani amleaye yatima nyumbani mwake, Maandiko humhesabu kana kwamba alimzaa. Nampenda mwalimu huyo ambaye, alipokuta hesabu ya watoto hailingani, alimwona mwanamke aliyeamka usiku kwa homa za watoto wa dada yake.

Tena angalia wametajwa lini. Hawatajwi wakizaliwa wala wakilelewa. Wanatajwa siku wanapotolewa kuuawa. Daudi aliwakabidhi kwa Wagibeoni, pamoja na wana wawili wa Rispa, suria wa Sauli, ili kulipa damu iliyomwagwa na nyumba ya Sauli, nao wakatundikwa mlimani mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Mikali anaitwa mama kwenye orodha ya waliokwisha kufa. Neno lilimfikia siku moja na msiba.

Rispa akatandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mavuno yalipoanza mpaka mvua ilipoinyeshea ile miili, asiwaache ndege watue mchana wala wanyama wa porini usiku. Mtoto wa Kilombero anaijua kazi hiyo. Tumeamia mpunga sote, tukiwa juu ya vichanja tangu alfajiri, debe bovu limefungwa kamba, kombeo mkononi, sauti imekauka, kwa sababu kweleakwelea hawana subira na mtu. Ukisinzia kidogo tu, wanashuka kama wingu na mazao yamekwenda. Kichanja chetu alikijenga baba mdogo, juu kidogo kuliko vya majirani, ili tuone ndege wakiwa bado mbali. Ninapomsoma Rispa namwona akiamia, isipokuwa shamba lenyewe ni watu. Wawili kati ya wale saba walitoka tumboni mwake. Watano hawakuwa wake. Andiko halisemi alifukuza ndege juu ya wawili akawaachia watano, na yeyote aliyewahi kupanda kichanja anajua haiwezekani. Habari zikamfikia Daudi, akaona aibu ya mfalme, akaenda kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani kutoka Yabeshi-Gileadi, ikazikwa katika nchi ya Benyamini kwenye kaburi la Kishi, baba yake Sauli, na mifupa ya wale waliotundikwa ikakusanywa pia. Mwanamke mmoja alikaa juu ya jiwe mpaka taifa likakumbuka kuzika.

Katika kitabu hicho hicho kuna hesabu nyingine isiyolingana. Sura ya 14 inasema Absalomu alizaliwa wana watatu na binti mmoja. Sura ya 18 inasema alijisimamishia nguzo, kwa kuwa hakuwa na mwana wa kulidumisha jina lake. Wafasiri wengi wanadhani wale watatu walikufa wadogo. Ikiwa ndivyo, hakuna aliyeandika kilio chao. Msiba mzima umebaki katika tofauti ya tarakimu kati ya sura na sura. Halafu anakufa Absalomu mwenyewe, akiwa amemwasi baba yake. Siku ile ya vita, Daudi anapotoa amri, na anapowauliza wajumbe, anamwita kijana. Kijana Absalomu yu salama? Mbele ya majemadari labda hakuweza kusema zaidi ya hapo. Yule alikuwa adui wa dola. Habari inapofika, anapanda chumba cha juu ya lango, na katika kilio chake, ukijumlisha na mwanzo wa sura inayofuata, neno mwanangu linatoka mara 8. Huyu ni mwana wa kumzaa, damu yake mwenyewe, na bado neno lilikuwa limefungiwa mpaka kifo kikaja kulifungua. Kwa hiyo sikubali tena mtu anaponiambia kwamba kuna baba wa kweli na baba wa kuitwa tu, kana kwamba la kwanza halihitaji kusemwa na la pili ni adabu. Nimeona wazazi wa damu ambao neno liliwakauka kinywani mpaka wakachelewa.

Wala sikubali upande wa pili unapozidi, ule wa wafariji wanaosema Mungu amechukua huyu atakupa mwingine. Ayubu alikuwa na wana 7 na mabinti 3, wakafa wote siku moja, nyumba iliwaangukia. Mwisho wa kitabu mali yake inarudi maradufu: kondoo waliokuwa 7,000 wanakuwa 14,000, ngamia 3,000 wanakuwa 6,000. Watoto hawarudi maradufu. Anapata 7 na 3, kama mwanzo. Kuna wasomaji wa zamani waliosema ni kwa sababu wale wa kwanza hawakufutwa kwenye hesabu. Kondoo akifa amekwisha, mtoto akifa bado ni mtoto wako, kwa hiyo 10 na 10 wamekuwa 20. Maelezo hayo nayapenda, lakini nayasoma nikiwa na wasiwasi. Mkewe Ayubu hatajwi tena mwishoni. Kama ni yeye aliyezaa wote 20, alibeba mimba ya mtoto wa kumi na moja akiwa na makaburi kumi nyuma ya nyumba. Yeremia anamsikia Raheli akiwalilia watoto wake na kukataa kufarijiwa, na Mathayo anamleta tena mbele ya watoto wa Bethlehemu, na hakuna kati yao anayemwambia Raheli kwamba ana wajukuu. Baba mdogo alikuwa baba yangu. Hakuwahi kuwa baba yangu aliyekufa nikiwa darasa la pili, na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo: kila mwaka wakati wa kufyeka makaburi alinipa panga, akanionyesha kaburi la kaka yake, akasema safisha kwa baba yako, kisha yeye akasogea mbali kidogo akafyeka la mtu mwingine.

Nilimpelekea karatasi mtoto wake wa kwanza, ambaye kwa mila ni mdogo wangu. Nikamwambia nimekwama kwenye idadi. Aliisoma yote akiwa amesimama, akasahihisha mwaka wa ndoa, akaandika wanne kwa herufi na kwa tarakimu, akanirudishia na kuuliza kama maji ya wageni yamefika. Kaburini, mwongoza ratiba aliita mjane, akaita watoto. Tulisogea wanne. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua, ukishikamana mkononi, inabidi kuupangusa.

Siku ya kuanua matanga, tukipanga makaratasi ya marehemu, binti yake mdogo, kitinda mimba, aliikuta bahasha yangu ya kaki. Alizipitia fomu moja baada ya nyingine. Akasema, kaka, zetu alikuwa anatia sahihi tu. Hakukata kitu. Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja jambo aliloliona, na akaendelea kupanga. Tangu hapo nimekuwa nikiwafikiria wao watatu kuliko ninavyojifikiria mimi. Viatu vya mwaka ule niliokwenda sekondari vilinunuliwa jozi moja. Baba yao alinikaripia mara chache kuliko alivyowakaripia wao, akiogopa nisije nikadhani ni kwa sababu ya uyatima. Mtu akiwa baba wa mwingine, wanaolipa ni wanawe, na hawaulizwi.

Mwishoni mwa Waraka kwa Warumi, katika sura ya 16 iliyojaa salamu, Paulo anamsalimu mtu aitwaye Rufo, pamoja na mama yake, ambaye anasema ni mama yake yeye Paulo pia. Hasemi alimfanyia nini. Jina la mama huyo halikuandikwa. Marko naye anasema Simoni wa Kirene, aliyekamatwa njiani akabebeshwa msalaba, alikuwa baba wa Aleksanda na Rufo, na wapo wengi wanaodhani ni Rufo huyu huyu. Kama ndiye, basi kijana huyu baba yake alichukuliwa kubeba mzigo wa mtu mwingine, na mama yake akachukuliwa na mtume kuwa mama. Nimeangalia jinsi Paulo alivyoupanga ule mstari: anamtaja kwanza Rufo, kisha mama yake Rufo, ndipo anajitaja yeye.

Kiangazi hiki tunajengea kaburi. Fundi ameshaleta mchanga na anataka maandishi ya kwenye saruji mapema, kabla hajachanganya. Kwa mila ya kwetu mtoto wa kaka mkubwa ndiye mkubwa wa watoto wote, na wadogo zangu walikuwa wameshaniandika wa kwanza. Nimempelekea fundi karatasi nyingine. Majina yao matatu yanatangulia, kwa mpangilio wa kuzaliwa, na langu ni la nne.